Nusu ya Shamba Isiyolimwa

Jumanne asubuhi Jenoveva alikuwa amepiga magoti shambani, akivuta hewa ya udongo kwa bomba la sindano, shemeji yake Machage alipopita njiani na ng'ombe wake. Machage akasimama makusudi.

"Mama Esta! Mgonjwa anaendeleaje leo?" aliuliza, akiielekeza fimbo yake ardhini. "Bado anapumua?"

Wanawake wawili waliokuwa wakitoka ziwani na ndoo za dagaa walicheka mpaka mmoja akatua ndoo yake chini. Jenoveva aliendelea na kazi yake. Alikuwa na saa ya mradi mkononi na alikuwa anahesabu dakika. Sanduku la bati lilikuwa limefunikizwa juu ya udongo, na juu yake kulikuwa na tundu lenye kizibo cha mpira. Kila baada ya dakika kumi alitakiwa kuchoma sindano pale kwenye mpira, avute hewa iliyojikusanya ndani, aiingize kwenye kichupa, aandike saa. Akichelewa hata kidogo, kichupa hicho hakina kazi tena. Mwaka wa tatu huo alikuwa akifanya hivyo kila Jumanne, na mtaa mzima wa Guta ulikuwa umekwisha kumpa jina la mganga wa udongo.

Shamba lao lilikuwa ekari mbili, limegawanywa katikati kwa vigingi vilivyopakwa chokaa. Nusu ya kaskazini ililimwa kila mwaka kwa plau, kama wanavyolima wote. Nusu ya kusini ilikuwa haijaguswa na plau wala jembe la mkono tangu mwaka wa tisini na moja. Baada ya mavuno mabua yalilazwa pale pale yakaozea juu ya ardhi, na mbegu zilipandwa kwa kutoboa matundu kwa kijiti. Bwana Florian, mtaalamu wa mradi wa utafiti aliyekuja na pikipiki, ndiye aliyewafundisha. Alisema udongo usipogeuzwa unatunza maji na unatunza chakula chake, na ile hewa inayotoka ardhini kila inapolimwa inabaki humo humo badala ya kupanda juu na kuharibu mvua za dunia.

"Mvua za dunia nzima zinaharibikia hapa Guta?" Boke, mama mkwe wa Jenoveva, aliuliza siku hiyo.

"Kidogo kidogo, bibi. Hapa kidogo, na kule kidogo."

Pastory, mume wa Jenoveva, hakucheka. Mwaka ule serikali ilikuwa imeacha kuleta dawa ya josho, na ile ya dukani haikushikika kwa bei. Maksai wake wawili walikufa kwa ndigana ndani ya mwezi mmoja. Mtu aliyebaki na nira bila shingo za kuvisha, akiambiwa kuna kilimo kisichotaka plau, husikiliza kwa masikio yote mawili. Alitia sahihi mkataba wa miaka mitano. Kwa nusu ile nyingine, Machage, kaka yake mkubwa, alimlimia kwa maksai wake, na malipo yake yakawa mabua ya nusu hiyo.

Lakini mabua ya kusini Pastory hakumpa mtu. Aliyazungushia uzio wa miiba.

"Sisi hapa tulikuwaga tunafungua mashamba yote baada ya mavuno," Machage alimwambia mbele ya watu. "Ng'ombe wa huyu wanakula kwa yule. Leo mdogo wangu ndiye wa kwanza kuninyima mabua ili ayalaze chini yaoze!"

Na mavuno yalimpa Machage maneno zaidi. Mwaka wa kwanza nusu iliyolimwa ilitoa magunia manane, isiyolimwa ikatoa matano. Mwaka wa pili mvua zilikatika mapema, ile ikatoa sita, hii matatu na debe moja. Mahindi ya kusini yalikuwa ya manjano tangu magotini. Florian alieleza kwamba vijidudu vinavyoozesha mabua vinaanza kwa kula rutuba yenyewe, baadaye vinairudisha. Inahitajika mbolea ya kuvishibisha kwanza. Mbolea hiyo mradi uliahidi, kisha ruzuku ikaondolewa, bei ikapanda mara tatu, na ahadi ikabaki kwenye karatasi.

Jumanne hiyo, Machage akiwa bado njiani, Pastory alikuwa upande wa pili wa shamba, amebeba mzigo wa mabua kwenda kuziba mahali palipokuwa wazi. Jenoveva alimwona akiinama. Alidhani ameokota kitu. Kisha mzigo ukaanguka na Pastory akapiga magoti, mikono yote miwili kwenye kinena.

"Imetoka," alisema alipomfikia. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ile ngiri. Imetoka, haitaki kurudi."

Machage aliacha ng'ombe wake njiani akaruka uzio wa miiba, akachanika mguu. Ni yeye aliyembeba ndugu yake begani, ni yeye aliyefunga maksai kwenye mkokoteni na kuwafikisha barabara kuu, wakapata lori la kwenda Musoma. Kichupa cha tatu cha Jumanne hiyo hakikutiwa hewa.

*

Walimpasua usiku huo huo. Siku hizo wagonjwa walikuwa wameanza kuchangia matibabu, kwa hiyo nesi alimsomea Jenoveva karatasi pale koridoni, kwa sauti ya kawaida tu, ila watu walikuwa wengi: glavu jozi tatu, uzi wa kushonea, dripu nne. Duka lilikuwa mbele ya geti. Jenoveva alikuwa ameuza magunia mawili ya mahindi, yaliyopakiwa kwenye mkokoteni pamoja na mgonjwa, kwa mwenye lori, kwa bei aliyoitaja mwenye lori, kwa sababu Pastory alikuwa akipiga kelele nyuma. Hela ilitosha vitu vyote isipokuwa dripu moja.

"Mama, hii imepungua," nesi alisema.

"Nimeona, sista."

"Utaileta?"

Jenoveva alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, kile kipya cha Pasaka, akakikunja vizuri akarudi nacho dukani. Mwenye duka alikigeuza akatafuta matundu. Aliporudi koridoni na dripu, mkono mmoja ulikuwa umeshika gauni pale nyuma lilipochanika, na hivyo ndivyo alivyokaa siku zote nane za hospitali, mkono mgongoni, kama mtu anayeumwa kiuno.

Daktari aliwaambia wote wawili: miezi mitatu Pastory asinyanyue kitu kizito kuliko sahani ya ugali. Mishono ya ndani ilikuwa mingi, na nyama yake ilikuwa imechoka.

Pastory alisubiri daktari aondoke. "Huu ni mwaka wa tatu, Mama Esta."

"Najua."

"Florian alisema wa tatu ndio unaanza kulipa."

"Alisema wa tatu au wa nne."

"Alisema wa tatu." Alifumba macho kidogo. Kutoka dirishani ziwa lilionekana, na watoto wa wavuvi wakianika samaki wadogo wa furu juu ya mawe. "Mimi nimechekwa miaka miwili. Hata kanisani nachekwa. Usiwaache waje kulima upande ule, hata wakisema nini."

"Pumzika, Baba Esta."

Alimpangusa uso kwa kitambaa. Pastory alimtazama kwa muda mrefu, kwa maana alikuwa amemwomba neno moja na yeye amempa jingine.

*

Nyumbani walikuta magugu. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa kisha zikaja zote kwa pamoja, na ardhi isiyolimwa haina kinachozika magugu. Palipokuwa na mabua manene hayakupita, lakini mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamevunja uzio wakala matandazo, kwekwe ilikuwa imesimama kama imepandwa. Miaka miwili iliyopita mradi ulileta dawa ya magugu na bomba la kupulizia. Mwaka huu haukuleta kitu. Florian hakuonekana tangu Krismasi; barua ilisema fedha za mradi zinasubiriwa, wakulima wawe na subira.

Jenoveva na binti yake Esta, wa miaka kumi na minne, walianza kupalilia kwa mkono. Siku nne walimaliza mahali padogo pa kutandika mikeka kumi, na nyuma yao magugu yalikuwa yameanza kuchungulia tena. Mvua za masika zilikuwa wiki tatu mbele. Kwenye kihenge, Jenoveva alipoinama na kukwangua, kibuyu kiligonga ukuta.

Alikwenda Kabasa, Bunda mjini, kwenye duka la pembejeo. Mwenye duka alimtajia bei ya dawa.

"Ya chupa ndogo?" Jenoveva aliuliza.

"Hiyo ndiyo ndogo."

"Hakuna mnayopima?"

"Mama, hii si mafuta ya taa." Kijana aliyekuwa akinunua spea za baiskeli aligeuka kumtazama.

Alikwenda kwa kaka yake Burito, Mwitongo kule Butiama, alikozaliwa. Burito alifurahi kumwona, akachinja kuku, akasimulia habari za marehemu mama yao. Asubuhi mke wake alimpimia mtama kwa kopo, akaona Jenoveva anatazama kopo, akasema, "Wifi, na sisi mwaka huu tumepata wageni wengi." Mtama haukutimia debe moja. Jenoveva aliubeba kichwani mpaka stendi, akashukuru, na njiani kote alikuwa akijiuliza kama alishukuru kupita kiasi.

Mtama ule ulichanganywa na udaga wa muhogo ukaliwa kwa siku kumi na mbili. Wadogo wawili, Ursula na Nyamhanga, waliacha kuomba kuongezewa. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko kilio. Mtoto wa miaka mitano analamba sahani yake, anaiweka chini taratibu, anatoka nje kucheza bila kuuliza kitu.

Basi siku ya kumi na tatu Jenoveva alikwenda kwa Machage.

Alimkuta anapaka mafuta ya mnyonyo kwenye nira. Machage alimpa kiti, jambo ambalo hakuwa akilifanya siku hizi.

"Shemeji, nimekuja kuomba maksai. Utulimie ile nusu yetu, kama kila mwaka."

"Nusu?"

"Ile ya kaskazini."

Machage aliendelea kupaka mafuta. "Sikilizaga vizuri, Mama Esta. Mimi si mtu mbaya. Lakini mwaka huu sitalima nusu ya shamba la ndugu yangu kama mtu anayemnyoa mwenzake kichwa nusu. Nitalima lote, na mabua yaliyoko kule nitaingiza ng'ombe wangu wayale. Malisho yameisha. Au nilime lote, au nisilime hata kidogo."

"Baba Esta ametia sahihi."

"Ametia sahihi kwa watu gani? Wako wapi? Wamekuja hospitali?" Aliweka nira chini. "Mdogo wangu amelala. Watoto wake wanakula udaga mtupu, mimi nawaona. Hao waliompa sahihi wanakula nini huko?"

Jenoveva alitazama mikono yake. Alifahamu hesabu zote za shamba lile kuliko Machage, kuliko hata Pastory. Alifahamu magunia ya kila upande na dakika za kila Jumanne. Na alifahamu kwamba kwa mkono, yeye na Esta wasingeweza kusafisha hata robo ya ile nusu kabla ya mvua, na ile nusu nyingine bila maksai isingelimwa kabisa.

"Ulime lote," alisema.

"Umwambie yeye kwanza."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Jioni ile alipompelekea uji, Pastory alikuwa na uso mzuri, wa kwanza tangu hospitali. Alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni na kuona nyasi zimeanza kunyauka kandokando ya ziwa, akasema mvua ikichelewa mwaka huu ndipo watu watakapoona ni shamba la nani lenye unyevu. Jenoveva alisimama na kikombe mkononi. "Ndiyo," akasema, na akatoka.

*

Machage alikuja alfajiri na maksai wanne na wanawe wawili. Walianza na kusini, kwa sababu kulikuwa na kazi zaidi. Ng'ombe wake walikuwa wamekula mabua tangu jana, wakati Pastory amelala upande wa pili wa nyumba. Yaliyobaki yalikokotwa na kuchomwa pembeni.

Mfereji wa kwanza ulipofunguka, wote waliangalia chini.

Udongo wa Guta wanaujua. Ni wa kijivu, ukilimwa mapema unatoka mabonge yanayoweza kuvunja dirisha. Huu ulitoka mweusi. Ulianguka kutoka kwenye plau kama unga uliotiwa maji kidogo, na ndani yake nyungunyungu wanene walijikunja na kujificha kutokana na mwanga. Chini kidogo kulikuwa na unyevu, mwezi wa pili, wakati upande wa pili wa vigingi vumbi lilikuwa linapeperuka. Mwana mmojawapo wa Machage aliinama akauchukua mkononi akaunusa.

"Baba, angalia."

"Nimeona. Endesha."

Lakini Machage mwenyewe alikwenda mifereji mitatu bila kupiga mluzi.

Jenoveva alikuwa akifuata nyuma na Esta, wakiokota mizizi ya kwekwe. Alijua mume wake amefika kabla hajageuka, kwa sababu Esta aliacha kuokota. Pastory alikuwa amesimama kwenye ukingo, shuka begani, mkono mmoja umebana tumbo. Hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani. Machage alisimamisha maksai.

"Mdogo wangu," alisema, "mkeo hakukwambia?"

Pastory alisogea kwenye mfereji wa karibu. Aliinama taratibu sana, kama walivyomfundisha hospitali, akachukua bonge dogo la udongo mweusi na kulivunja kwa kidole gumba. Alimtafuta Jenoveva kwa macho.

"Ulikuwa tayari," alisema. Hakupandisha sauti. "Mama Esta, ulikuwa tayari umeiva."

"Watoto wana njaa," Jenoveva alisema.

"Najua."

Akageuka akarudi nyumbani. Machage alingoja mpaka alipoingia ndani ndipo akawapiga maksai, na kazi ikaisha kabla ya saa sita.

*

Jumanne ilipofika Jenoveva alichukua sanduku lake akalifunikiza juu ya udongo uliolimwa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia aache. Pastory alikuwa ameketi kigodani nje.

"Unapima nini tena?"

"Fomu bado ina mistari."

Hayo ndiyo maneno marefu waliyosemezana wiki ile. Pastory hakumgombeza wala kukataa chakula chake, na alimwitikia kila alipomsalimia. Jenoveva alitamani amtukane.

Siku ya Alhamisi alikwenda Bunda kupeleka vichupa kwa wakala wa basi. Boke alikuwa kanisani na wadogo, na Esta shuleni. Aliporudi saa nane alimkuta Pastory shambani. Alikuwa amechukua toroli akaenda kando ya kijito, akakata matete na nyasi, akazisomba, akawa anazitandaza juu ya udongo uliolimwa, mstari kwa mstari, kuufunika. Alikuwa amefunika kama theluthi. Shati lake lilikuwa limelowa, na chini ya shati, upande wa kulia, kulikuwa na doa la damu lenye ukubwa wa sahani.

"Baba Esta! Umefanya nini?"

"Ukifunikwa mapema," alisema kwa shida, "labda hautakauka wote."

Alimkamata kabla hajaanguka. Usiku homa ilipanda, na asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Machage alileta mkokoteni bila kuitwa mara mbili. Aliwapiga maksai kwa namna ambayo hajawahi kuwapiga, akilia waziwazi, na watu waliokuwa njiani walisogea pembeni. Pastory alikuwa ameweka kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Alisema kiu, akapewa maji, akasema tena kiu. Walipofika kwenye barabara kuu Machage aligeuka kuuliza kama wangoje gari au waendelee, na Jenoveva akamwambia arudi tu nyumbani.

Pastory alizikwa Jumapili, padri akaja kutoka Bunda. Watu walijaa, hata wale waliocheka. Kuna waliosema ngiri haina huruma, na kuna waliosema polepole nyuma ya nyumba kwamba shamba lile lilikuwa na kitu.

Boke hakumlaumu mkwewe mbele ya watu. Walipobaki wawili, wanaosha masufuria ya msiba, alisema bila kuinua uso, "Ungemwambia, mwanangu. Angekataa. Lakini ungemwambia."

"Ndiyo, mama."

Wakaendelea kuosha.

*

Florian alifika wiki mbili baada ya mazishi. Pikipiki yake ilikuwa imebeba mfuko wa mbolea na chupa mbili za dawa ya magugu. Alikuwa hajasikia habari. Alipoelezwa alikaa kwenye ngazi ya mlango, kofia ya pikipiki mapajani.

"Fedha zilitoka wiki iliyopita, Mama Esta," alisema. "Nilikuja siku ile ile niliyopata petroli."

"Najua, Bwana Florian."

Alitaka kuacha mbolea. Jenoveva alimwambia aipeleke kwa mkulima mwingine aliye bado kwenye mradi.

Mvua za masika zilikuwa nzuri. Mahindi ya kusini yaliota kwa fujo, majani yake mapana na ya kijani nzito, yakayapita ya kaskazini kwa kimo cha mkono. Watu walikuwa wakisimama njiani kuyatazama. Mwezi wa saba ile nusu peke yake ilitoa magunia kumi na moja. Haikuwahi kutokea katika shamba lile, hata enzi za baba yake Pastory.

"Umeona?" Machage alimwambia akishona mdomo wa gunia. Hakusema kwa kiburi. Alikuwa akitafuta kitu cha kumpa. "Plau, shemeji. Ni plau."

Jenoveva alitikisa kichwa akakubali, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alikuwa amechoka. Lakini alijua. Ni mabua ya miaka miwili, na mizizi yake, na nyungunyungu, na migongo yote ile iliyoinama kutandaza. Plau ilivunja kufuli la kihenge, basi, na wao wakala kwa mwaka mmoja kilichowekwa kwa miaka yote hiyo. Jioni ile alisonga ugali wa mahindi mapya, mweupe, wenye harufu nzuri. Ursula aliomba kuongezewa. Nyamhanga naye. Jenoveva aliwaongezea wote, akatoka nje na sahani yake ikabaki pale.

Mwaka ule mradi ulifunga shamba lao. Florian alikuja mwezi wa kumi na moja na karatasi. Alikuwa amekonda, na yeye pia mkataba wake ulikuwa unaisha. Jenoveva alimpa uji, akamuuliza jambo alilokuwa akitaka kuliuliza tangu mwezi wa pili.

"Kile kichupa cha Jumanne ile, baada ya kulima. Walikipima?"

"Walikipima."

"Kilikuwa na nini?"

Florian alizungusha kikombe mikononi. "Hewa iliyotoka kwenye ardhi yako siku ile ilikuwa mara tano ya siku nyingine zote. Iliendelea kutoka kwa wingi karibu wiki mbili, kisha ikashuka." Alisita. "Ila nisikudanganye. Kuna mashamba mengine ambayo hayajalimwa, yaliyotiwa mbolea nyingi, nayo mvua ikinyesha yanatoa hewa ya aina nyingine, mbaya zaidi. Wakubwa wanabishana. Kwa Silasi, kule Butiama, aliyekuwa na samadi ya kutosha, mwaka huu isiyolimwa imelingana na iliyolimwa. Kwa wengine wawili bado iko chini. Hatujajua yote."

"Lakini hili letu lilikuwa limefika."

"Lilikuwa linafika," Florian alisema.

Alitoa kalamu akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Jenoveva alikuwa amesoma mpaka darasa la saba kwa masista. Aliuliza ile alama ya vema iliyokwisha kuwekwa maana yake nini. Florian alikohoa, akamtafsiria. Sababu za shamba kutoka kwenye utafiti: ukame, wadudu, mifugo, mkulima kuhama, mkulima kutofuata masharti. Vema ilikuwa kwenye ya mwisho.

"Si mimi niliyeweka," alisema. "Imetoka ofisini hivyo."

"Hakuna mahali pa njaa?"

"Hakuna. Kuna sehemu ya maelezo mengineyo, hapa chini. Naweza kuandika." Aliitazama sehemu yenyewe, mstari mmoja mfupi. "Lakini Mama Esta, mengineyo hawasomagi. Wanasomaga nambari tu."

Jenoveva aliivuta karatasi karibu. Aliipitia nambari moja moja, ekari, magunia, miaka, zote alizijua. Kidole chake kikasimama.

"Hii tano ni ya nini?"

"Idadi ya watu katika kaya."

"Hiyo wanaisoma?"

"Hiyo wanaisoma."

"Basi andika sita."

Florian aliinua macho. Uani Boke alikuwa akipepeta mahindi, na Esta akiwachana wadogo zake nywele kwa zamu. "Si mko watano, mama?"

"Siku tulipolima tulikuwa sita."

Florian alilowesha kidole kwa mate akafuta ile tano, karatasi ikachubuka kidogo, akasubiri ikauke, kisha akaandika sita.